Kliniki Isiyo na Mgonjwa

Tarehe 3 Februari

Mpendwa baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua. Sisi huku ng'ambo hatujambo, isipokuwa joto, nalo nimeacha kulilalamikia maana halisikii la mtu. Mdogo wangu Filimbi ana kikohozi na homa ya kuja na kuondoka, lakini bado anaendesha boza lake la maji, na bado anapiga mluzi tangu asubuhi mpaka watu wanaziba masikio. Koplo wa jikoni amemwambia siku akinyamaza atamchinjia kuku.

Baba, nina jambo, na katika mambo ya jeshi mwalimu wangu ni wewe. Mkubwa anakuja. Sisemi mkuu wa kambi, nasema mkubwa wa wakubwa, Jenerali mwenyewe, anatoka nyumbani kuja kutembelea makao makuu yetu haya: jiko, mabafu, karakana, mabweni na kliniki. Ni tarehe kumi na sita mwezi wa tatu. Tangu habari zifike watu wamechanganyikiwa. Mawe ya kando ya njia yamepakwa chokaa mara mbili. Jana nimemwona mtu mzima, baba wa watoto wanne, anafuta maua vumbi kwa kitambaa, jani moja moja.

Tatizo langu ni kliniki. Daktari amekwenda likizo akaniachia funguo zote na mikosi yake yote. Nina vitanda kumi na kimoja, na tangu nifike hapa sijawahi kuviona vitupu hata siku moja. Mkuu wa kambi alipita juzi, akawatazama wagonjwa kama mtu anayetazama mchuzi uliomwagikia kitambaa cha meza, akasema, "Muuguzi, siku hiyo nisiyaone haya."

Nikamuuliza, "Haya yapi, afande?"

"Wewe si mtoto," akasema, akaondoka zake.

Mambo yakienda sawa ameniahidi cheo. Yakiharibika narudishwa nyumbani kwa ndege ya kwanza, na huko nyumbani unajua watakavyosema. Wewe ungefanyaje?

Msalimie jirani mshonaji.

Mimi binti yako.


Tarehe 14 Februari

Mama yangu,

Marahaba. Goti halijambo. Kinachouma ni moyo, kuona binti niliyemlea kwa mikono yangu mwenyewe tangu mama yenu afariki ananiuliza swali la kuruta. Jirani mshonaji anakusalimu, na bado hajaimaliza suruali yangu, mwezi wa pili huu.

Haya, sikiliza. Miaka ishirini na sita nimetunza stoo za jeshi. Nimepokea wakubwa tisa, na hakuna hata mmoja aliyeona kitu kibovu kwangu. Unadhani vibovu havikuwepo? Vilikuwepo tele! Mkubwa haji kutafuta, anakuja kuonyeshwa, basi muonyeshe.

Siku hiyo wagonjwa wote waondoe mapema. Nyuma ya kliniki lazima mna kontena la kuwekea mahema, kila kambi inalo. Waweke humo, magodoro chini na ndoo ya maji. Vitanda uvitandike shuka mpya, uzikaze mpaka zinyooke kama meza. Kwenye daftari uandike wote wamepona, wamerudi kazini, maana mkubwa akiingia mahali kitu cha kwanza anachofungua ni daftari. Na kontena ulifunge kwa nje, kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe. Hapo ndipo wengi huharibikiwa. Sisi mwaka fulani tuliacha bila kufuli, mgonjwa mmoja akatoka na shuka kiunoni kutafuta choo, akakutana uso kwa uso na mkubwa na mkewe. Mkuu wetu alihamishwa wiki ile ile.

Ni nusu saa tu, mama. Sijaona mtu aliyekufa kwa nusu saa.

Filimbi mwambie aache kujidekeza. Huyo tangu utotoni kazi ikikaribia na homa inakaribia. Unakumbuka nilivyokuwa nikimfungia chumba cha mkaa kwa utundu wake? Anakaa mle gizani anapiga mluzi wito wa chakula, ule wa tarumbeta la kambini, na wewe unakuja kwa kunyata kumfungulia. Mlidhani sijui. Nilikuwa nimekaa barazani nacheka peke yangu.

Baba yako.


Tarehe 26 Februari

Mpendwa baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti limetulia. Mimi mzima, ila usingizi umekuwa haba.

Kontena lipo, kama ulivyosema. Ni la chuma, halina dirisha, na jua la mchana lote ni lake. Nilipomweleza mkuu wa kambi mpango huo alinipiga bega akauliza, "Akili hii umeitoa wapi?" Nikasema, "Nyumbani, afande." Nilijisikia vizuri, sikufichi.

Lakini Filimbi amelazwa. Yuko kitanda cha saba. Safari hii hajidekezi baba, mapafu yamejaa, ana dripu mkononi na usiku ananishika kidole kama mtoto. Nilipomwambia habari za kontena alicheka mpaka kikohozi kikamkaba. Akasema, "Kwa hiyo baba ananifungia tena! Mkono wake mrefu, umenifikia mpaka ng'ambo." Halafu akasema, "Ukisikia wito wa chakula, dada, unajua la kufanya." Nikamwambia najua.

Daktari amesema kwa simu kwamba Filimbi atakaa kitandani si chini ya wiki nne, kwa hiyo siku ya mgeni atakuwa bado yuko hapa. Naogopa. Nimeingia mle ndani saa sita mchana kujaribu, nikatoka baada ya dakika kumi nguo zimelowa chapa. Chumbani kwangu kuna feni. Naomba nimfiche kule yeye peke yake, wale kumi waende kontena. Ni wazima kiasi, watavumilia. Mkuu wa kambi hatajua. Nijibu upesi baba, nisipopata neno lako sitakuwa na amani.

Binti yako.


Tarehe 8 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Huku salama, mvua imegoma.

Jibu langu ni hapana. Mwanajeshi hafichwi chumbani kwa dada yake. Wale kumi si watoto wa watu? Wao walale kwenye chuma yeye apepewe na feni, kisa ni mtoto wa Sajini? Huko kambini watu wana macho na midomo wanayo. Ikijulikana, jina litakalotembezwa ni langu, na jina hilo nimelitunza miaka ishirini na sita halina hata doa.

Aende na wenzake. Joto! Mimi nimelala juu ya masanduku ya risasi ndani ya lori, siku tatu, na bado niko hapa namsumbua mshonaji.

Barazani nimeshawaambia watu kwamba Jenerali atamshika mkono binti yangu. Wote wanangoja picha. Usiniaibishe.

Baba yako.


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Nakusalimu. Sijui kama u mzima, maana tangu siku ile hujaniandikia hata mstari. Mimi si mzima.

Walikuja askari wawili na jeneza juu ya gari la kubebea mbao. Nikavaa sare yangu ya zamani, nikasimama wima barabarani mbele ya majirani wote, mkono kwenye paji la uso, nangoja bendera. Bendera haikuwepo. Jeneza halikufunikwa na kitu, limefungwa kamba ya katani tu. Mmoja wao, kijana hata ndevu hana, akanisomea karatasi: askari huyu alitoka kliniki asubuhi ya tarehe kumi na sita akiwa amepona, kwa mujibu wa daftari; hakufika gwarideni; alikutwa ndani ya stoo ya mahema alikokwenda kulala saa za kazi, akiwa ameshafariki. Nikamuuliza bendera iko wapi. Akasema, "Mzee, bendera ni ya aliyefia kazini."

Hakuna tarumbeta, hakuna saluti. Tulimzika mimi, mshonaji na wachimba kaburi. Watu wa barazani walifika mpaka kona wakarudi.

Mimi karatasi iliposomwa nilinyamaza. Stoo ya mahema naijua. Niliyekwambia ni mimi, lakini nilisema nusu saa. Ulimweka muda gani? Nakuuliza kama baba, ulimweka muda gani mle ndani? Wewe ni muuguzi uliyesomeshwa, huoni mtu anakufa?

Sasa fanya hili. Nenda kwa mkuu wa kambi, umwambie daftari uliliandika uongo, kijana alikuwa mgonjwa na aliwekwa pale. Wamfutie utoro. Wampe bendera yake, hata kama ni kuitandika juu ya udongo. Mtoto wangu hakuwa mtoro.

Na usiseme akili hiyo uliitoa wapi.

Baba yako.


Tarehe 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nisingependa kukuuliza hali, kwa sababu naijua, na wewe usiniulize yangu.

Umeuliza muda gani. Muda wa saa saba na robo.

Niliwafungia saa moja na nusu asubuhi. Mgeni alikuwa afike saa mbili na aanzie kliniki, ndivyo ratiba ilivyosema. Alifika saa mbili kweli, ila akasema ana njaa ya kuona jiko. Jikoni alionja kila sufuria, akarudia. Mabafuni alitaka kila bomba lifunguliwe mbele yake, mabomba arobaini. Karakana alilala chini ya lori apigwe picha, ikawa haikutoka vizuri, akalala tena. Kisha hotuba. Mara tatu nilimfuata mkuu wa kambi nikamnong'oneza, "Afande, niwape maji tu." Mara tatu akasema bado, bila kunitazama, huku anatabasamu kwa wageni. Ningeweza kwenda kufungua. Ufunguo ulikuwa unanigusa paja kila nikipiga hatua. Sikwenda, baba. Nilikuwa naogopa kurudishwa nyumbani, na nilikuwa naogopa barua yako.

Kliniki waliingia saa nane mchana. Jenerali alibonyeza godoro, akapitisha kidole dirishani kutafuta vumbi, akafungua daftari, kama ulivyosema. Akasoma kwa sauti. "Kumi na mmoja, wote wamepona siku moja! Muuguzi, wewe si mtu, wewe ni malaika." Wakacheka wote.

Hapo ndipo tukasikia mluzi. Nyuma ya ukuta, polepole, wito wa chakula. Ulikuwa mwembamba, unakatika na kuanza tena, na sauti ya mwisho haikufika. Jenerali akainua kidole, wote wakanyamaza.

"Nani huyo?"

Mkuu wa kambi akanitazama mimi. Nikasema, "Ndege, afande. Huku wapo wanaoiga."

Jenerali akanitazama kwa muda. Akavitazama vitanda kumi na kimoja, kimoja baada ya kingine. Alijua. Nakuapia alijua, mtu aliyekaa jeshini miaka yote ile hawezi kukosa kujua. Akasema, "Ndege wenu amefunzwa vizuri. Ila mwisho wake ameusahau." Akacheka, wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha akanishika mkono, akataka tupige picha, na kati ya vitanda vyote akachagua cha saba. Picha unayoingoja ipo. Nimetoka vizuri.

Nilifungua saa tisa kasoro robo, gari lake lilipotoka getini. Kumi walitoka kwa kutambaa. Ndoo ilikuwa kavu tangu saa nne. Waliniambia walimvuta Filimbi mpaka mlangoni, apate ule upepo wa kwenye ufa, na kwamba walimsihi aache kupiga mluzi atunze pumzi. Yeye akawaambia, "Dada atafungua, ndiyo kawaida yetu." Nilimkuta na midomo imebaki vile vile, imebinuka, kama anataka kuanza tena. Koplo wa jikoni ndiye aliyemfumba midomo. Tangu siku hiyo hajazungumza na mtu.

Nimefanya ulichosema. Nilikwenda kwa mkuu wa kambi nikakiri daftari ni uongo. Akaniuliza nina ushahidi gani, maana yeye hakuniambia niwafungie watu, alisema tu asiwaone, na wale kumi wamesharudishwa makwao na kila mmoja ametia saini kwamba siku hiyo alikuwa mzima. Akaniambia nikavae cheo changu kipya na nisahau. Cheo nimepewa, ndiyo. Kiko begani.

Ushahidi ni mmoja tu duniani, baba, ni barua zako mbili, za Februari na Machi. Zina tarehe za kabla ya siku yenyewe na zina muhuri wa posta. Kila kitu kimo: kontena, kufuli, daftari. Mwanasheria wa jeshi anakuja huku mwisho wa mwezi ujao. Nikiziweka mezani pake, hawawezi tena kusema Filimbi alikwenda kulala. Mimi nitafungwa, na nimekubali. Wewe utaitwa uulizwe mbele ya watu kama mwandiko ni wako. Useme ndiyo. Neno moja tu, basi, mdogo wangu anapata bendera yake.

Nimekunakilia hapa chini maneno yako, usije ukayasahau:

"Kontena ulifunge kwa nje, kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako wewe."

"Aende na wenzake."

Nakuomba, baba. Safari hii tumfungulie sote wawili.

Binti yako.


Tarehe 11 Mei

Kwa Muuguzi,

Barua yako imefika.

Marehemu alikuwa mvivu tangu utoto na kila mtu mtaani analijua hilo. Alikwenda kulala mahali pasipo ruhusa, na jeshi limeandika lilichokiona. Mimi sina cha kuongeza. Barazani watu wameanza kurudi. Nimewaeleza ilivyokuwa na wamenielewa.

Nimeshaandika makao makuu ya hapa nyumbani kuwajulisha kwamba, kwa sababu ya msiba, akili ya muuguzi huyo haijatulia, na kwamba barua yoyote itakayoletwa kwa jina langu si mwandiko wangu. Wamejibu wananishukuru. Wamenialika siku ya wastaafu, nitakaa safu ya mbele. Mshonaji hatimaye ameileta suruali.

Chumba cha marehemu nimekisafisha. Kitanda nimekitandika shuka mpya, nimezikaza. Ukikiona huwezi kujua kama kimewahi kulaliwa.

Kambi ya hapa kwetu, ile ya upande wa pili wa mto, inapiga tarumbeta saa saba kila siku. Likianza wito wa chakula, nafunga dirisha.

Usiandike tena hapa.

Sajini Mstaafu.